Uraia na Tarehe Zilizohamahama

  

Leo tunazungumza habari ya swali moja ambalo wengi wenu mmeulizwa kwenye bariyeri, ofisini, na mara nyingine mbele ya panga: "Wewe ni mtu wa wapi?" Swali hilo lina jibu la nyumbani na lina jibu la sheria. Jibu la nyumbani ni rahisi: mtu hutaja mlima wake, mto wake, kaburi la babu yake. Jibu la sheria ndilo lililotuletea taabu, kwa sababu katika inchi yetu limegeuzwa mara nyingi, na kila mara lilipogeuzwa kulikuwa na mkubwa fulani aliyekuwa akitafuta kitu.

Ninaomba mnisikilize kwa subira. Sisemi ili kabila moja lishangilie na lingine linune. Nataka tuzitazame sheria za uraia moja moja, tuone nani alizitaka, kwa sababu gani, na kwa nini zote zilishindwa kutuliza watu.

Tuanze na mipaka. Wazee wetu hawakuikuta mipaka hii. Mipaka ndiyo iliyowakuta. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitangaza dola lake la Kongo mwaka wa 1885. Lakini huku Kivu, mwaka huo, hakukuwa na ofisi yake, wala bendera, wala karani wa kuandika majina. Mjerumani von Götzen alifika kwenye ziwa Kivu mwaka wa 1894, yaani miaka tisa baadaye. Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza waligombania sehemu hizi mpaka walipopatana kule Brussels mwaka wa 1910. Mstari wao ukapita katikati ya ziwa na kwenye volkano, ukaacha upande huu watu wanaosema Kinyarwanda, kama kule Bwisha katika Rutshuru. Hao hawakuhama. Walibaki palepale walipokuwa, na inchi ndiyo iliyobadilika jina juu ya vichwa vyao.

Baada ya vita kuu ya kwanza Wabelgiji walipewa Rwanda na Burundi kuzitawala. Hapo wakaona jambo la faida: upande mmoja milima iliyojaa watu, upande wa pili mashamba makubwa ya wazungu na migodi ya Katanga iliyokosa wafanyakazi. Tangu 1937 hata 1955 walikuwa na kazi maalumu ya kuhamisha Wanyarwanda na kuwakalisha Kivu. Ilianzia Gishari, katika Masisi, ardhi ya Wahunde. Kwa mwenye shamba Mbelgiji, hao walikuwa mikono ya kazi. Kwa Mhunde, hiyo ilikuwa ardhi ya mababu inayomegwa mbele ya macho yake. Kwa yule aliyehamishwa, ilikuwa njia ya kuepuka njaa na kupata malisho aliyoahidiwa. Si mwenyeji wala si mgeni aliyeulizwa kwa namna ambayo angeweza kujibu "sitaki".

Kisha tangu 1959 wakaja wengine, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Hao walikuwa wakimbizi, na walipokelewa kama wakimbizi.

Shikeni hayo matatu vizuri: waliokuwapo kabla ya mpaka, walioletwa na Wabelgiji, na waliokimbia tangu 1959. Siasa yote nitakayowaeleza ilifaulu kwa kuyachanganya. Siku mkubwa alipotaka kura, wote watatu walikuwa raia. Siku alipotaka kuwapendeza wengine, wote watatu walikuwa wageni.

Mwaka wa 1960, katika maandalizi ya uhuru, sheria ya uchaguzi iliwaruhusu watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka kumi kupiga kura. Walipiga. Lakini kupiga kura si kupewa uraia, na swali lenyewe liliachwa pale mezani kama sahani chafu. Miaka minne baadaye, Katiba ya Luluabourg ya tarehe 1 Agosti 1964 ikaweka kipimo: Mkongo ni mtu mwenye mzazi au babu wa kabila lililokuwa limekaa katika ardhi ya Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Tarehe hiyo ni ya sheria ya Wabelgiji iliyoifanya Kongo kuwa koloni yao. Kwa kipimo hicho watu wa Bwisha wamo ndani, walioletwa Gishari wako nje, ingawa walikwisha kupiga kura. Katika miaka hiyohiyo, 1963 mpaka 1965, Kivu ya Kaskazini ilikuwa na vita ambavyo wazee bado wanaviita Kanyarwanda. Ugomvi ulikuwa juu ya nani atatawala na nani atakuwa na shamba. Katiba haikuuzima.

Sasa tufike kwa Mobutu, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Mobutu alichukua utawala mwezi wa Novemba 1965. Mwaka wa 1969 alimweka Barthélemy Bisengimana, mtu mwenye asili ya Rwanda, kuwa mkuu wa ofisi yake. Kwa nini mtawala amchague mtu wa namna hiyo? Mimi naona sababu si mapenzi. Waziri mwenye kabila kubwa nyuma yake anaweza siku moja kumgeukia rais. Lakini mtu ambaye uraia wake wenyewe unabishaniwa hana pa kwenda; akimwacha rais, amekwisha. Watawala wa ulimwengu wanaijua hila hiyo tangu zamani.

Ofisi ya rais ikazaa sheria. Tarehe 26 Machi 1971, amri moja iliwapa uraia kwa mkupuo watu wote wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kongo siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Hata wale wakimbizi wa 1959 waliingia humo. Makelele yalipokuwa mengi, ikatoka sheria mpya ya tarehe 5 Januari 1972. Kifungu chake cha 15 kilirudisha tarehe nyuma: mwenye uraia ni yule aliyekuwa amekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950, akaendelea kukaa bila kukatiza. Kama kipimo, hiyo 1950 haikuwa mbaya sana. Iliwatenga wakimbizi na wale walioletwa zamani. Lakini ilikuwa na ubaya miwili. Kwanza, hakuna aliyekwenda vijijini kuhakikisha ni nani aliyekuwapo 1950 na ni nani aliyekuja juzi. Karte zilitolewa, na anayejua ofisi alipata, mnyonge alikosa. Pili, Wahunde, Wanyanga, Wanande na wengine walisikia redioni tu kwamba jambo limekwisha. Walijua imetoka katika ofisi ya Bisengimana, basi kwao haikuwa sheria ya taifa, ilikuwa sheria ya mtu.

Tena mwaka uliofuata, Julai 1973, sheria ya ardhi ilisema ardhi yote ni ya serikali. Mwami aliyekuwa akigawa mashamba kwa desturi akajikuta mikono mitupu mbele ya mtu mwenye karatasi kutoka Kinshasa. Mwezi wa Novemba mwaka huo mashamba ya wazungu yakagawiwa Wazaire. Nani aliyapata? Wenye rafiki kwenye utawala. Kati yao walikuwako matajiri wenye asili ya Rwanda, walikuwako Wanande wafanyabiashara, walikuwako wakubwa wa Kinshasa. Maskini wa Kihunde hakupata, na maskini Mnyarwanda aliyefuga mbuzi wawili pale Masisi hakupata pia. Lakini siku hasira ilipowaka, haikumfikia tajiri mwenye nyumba Kinshasa. Ilimfikia yule wa mbuzi wawili.

Bisengimana aliondolewa mwaka wa 1977. Sasa upepo ukageuka. Wanasiasa wa Kivu waliona kwamba katika Masisi watu wenye asili ya Rwanda walikuwa wengi kuliko wenyeji, na kura huhesabiwa kwa vichwa. Wakapeleka malalamiko Kinshasa, na Mobutu, ambaye aliwahitaji sasa, hakukataa. Tarehe 29 Juni 1981 baraza la kutunga sheria la chama kimoja lilipitisha sheria mpya. Ilifuta kifungu cha 15. Ikasema Mzaire ni mtu ambaye mmoja wa mababu zake ni wa kabila lililokuwa katika ardhi ya Zaire tarehe 1 Agosti 1885. Anayetaka uraia kwa njia nyingine aombe peke yake, mtu mmoja mmoja. Mwezi wa Mei 1982 amri ikafuta hati za uraia zilizotolewa kwa ile sheria ya 1972.

Ndugu zangu, tazameni hiyo 1885. Nimewaambia kwamba von Götzen alifika ziwani 1894. Ni karani gani basi aliyeandika makabila ya Kivu mwaka wa 1885? Ni mzee gani aliyekuwa hai mwaka wa 1981 wa kushuhudia? Mimi naamini walioiandika walijua kwamba haiwezi kupimwa. Kipimo kisichoweza kupimwa kina faida moja kubwa kwa mtawala: yeye ndiye anayeamua kila mara ni nani amepita na ni nani ameanguka.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya 1981 haikutumiwa sawasawa hata siku moja. Serikali haikuwaandika watu, haikuwapa karte mpya, haikuwarudisha walikotoka, haikuwapokea maombi yao kwa utaratibu. Iliwekwa sandukuni, ikatolewa siku za uchaguzi. Katika uchaguzi wa 1982 na wa 1987 watu wenye asili ya Rwanda waliruhusiwa kupiga kura, maana kura zao zilihitajiwa, lakini wengi waliotaka kusimama wachaguliwe walikatwa. Wakaambiwa uraia wao una mashaka. Neno hilo, "uraia wenye mashaka", limeua watu wengi. Mtu mwenye mashaka hulipa kodi kama raia, hutoa salongo kama raia, hushangilia chama kama raia, lakini akidai haki huonyeshwa mlango.

Wako wanaosema sheria ya 1981 ilishindwa kwa sababu ilikuwa kali mno. Wako wanaosema ilishindwa kwa sababu haikutekelezwa. Mimi naona haikushindwa kwa yule aliyeitaka. Mnyarwanda alimhitaji Mobutu ili sheria isitekelezwe. Mhunde na Mnyanga walimhitaji Mobutu ili itekelezwe kesho. Wote wawili walibaki mlangoni kwake, kila mmoja na kuku wake mkononi. Sheria ingelikwisha jambo, nani angemjia tena?

Mwezi wa Aprili 1990 Mobutu alitangaza vyama vingi. Watu walicheza barabarani. Lakini Kivu ya Kaskazini vyama vingi vilimaanisha uchaguzi wa kweli, na uchaguzi wa kweli ulimaanisha kuhesabiana. Mwaka wa 1991 serikali ilituma watu kuandikisha raia, kazi ikavurugika kwa fujo. Mwaka huohuo ulifunguliwa mkutano mkuu wa taifa kule Kinshasa, ule tuliouita Konferansi Nasionali, ambao baadaye uliongozwa na Askofu Mkuu Monsengwo. Wajumbe wa Wanyarwanda wa Kivu walikataliwa viti. Basi mkutano uliojadili mambo yote ya inchi ulikosa kusikia upande mmoja wa jambo lililokuwa karibu kuwaka moto.

Likawaka. Tarehe 20 Machi 1993, kwenye soko la Ntoto katika Walikale, watu wenye silaha waliwashambulia Wanyarwanda. Mauaji yakaenea Masisi na Rutshuru. Kisasi kikafuata, na Wahunde na Wanyanga nao wakauawa na kufukuzwa. Maelfu walikufa. Wengi kati yenu mnaijua miezi ile kuliko mimi ninavyoweza kuisema. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba mwisho wa mwaka ule na mwanzo wa 1994, makanisa, bami na mashirika ya wenyeji walikuwa wamewakalisha watu pamoja, na moto ulikuwa umeanza kupungua. Hawakuwa na sheria mpya mikononi. Walizungumza habari za shamba gani, ng'ombe wa nani, njia ipi ipite.

Hapa pengine mtu ataniuliza: je, kama Wanyarwanda wote wangalikuwa na karte safi, vita visingalikuja? Nitajibu kwa kuwapeleka Katanga kidogo. Mwaka wa 1992 na 1993 Waluba wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Kwa juma na miezi walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja gari la moshi. Hao hakuna sheria iliyowatilia mashaka. Babu zao walikuwa Wakongo kwa 1885, kwa 1908 na kwa tarehe yoyote mtakayoitaja. Lakini wanasiasa wa jimbo walihitaji adui, na Kinshasa ilihitaji kuwagawanya wapinzani wake, basi raia halisi wakaitwa wageni katika inchi yao. Karatasi ni ngao, lakini haimzuii mtu aliyekwisha kuamua kupiga.

Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi kule Rwanda, karibu watu milioni moja walivuka na kumiminika Goma kwa siku chache. Kati yao walikuwamo wauaji na bunduki zao. Yale maneno yaliyopatanishwa vijijini yakafunikwa. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito kule Kinshasa, likitegemea uchunguzi ulioongozwa na depite Vangu Mambweni, lilitoa azimio kwamba wakimbizi na wahamiaji wote wa Rwanda na Burundi warudishwe kwao bila sharti. Wahamiaji wote: yaani aliyekuja juzi na yule ambaye baba yake aliletwa na Wabelgiji waliwekwa katika kapu moja. Lile kosa la kuchanganya mambo matatu sasa lilikuwa na muhuri wa bunge. Mwezi wa Oktoba 1996, naibu wa gavana wa Kivu ya Kusini aliwapa Wanyamulenge siku chache za kuondoka. Mwezi huo vita vilikuwa vimekwisha kuanza, na majeshi ya Rwanda yalikuwa yakingoja sababu kama hiyo. Mobutu alianguka Mei 1997. Mwezi wa Agosti 1998 vita vingine vikazuka, na kila mara uraia ulikuwa kwenye orodha ya sababu. Lakini wenye bunduki walichukua pia dhahabu, na koltani, na ng'ombe, na watoto wenu.

Tarehe nazo ziliendelea kuhama. Januari 1999 Laurent-Désiré Kabila alirekebisha sheria ya 1981 kwa amri, akaiondoa 1885 na kuweka 30 Juni 1960. Nusu ya inchi haikuwa mikononi mwake, kwa hiyo amri ile ilibaki maneno. Mapatano ya Pretoria na Sun City ya 2002 na 2003 yaliwaingiza waliopigana katika bunge moja la mpito, na ndilo lililopitisha sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004. Inasema Mkongo kwa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilifanya inchi iliyokuwa Kongo siku ya uhuru. Katiba ya 2006 inarudia maneno hayo katika kifungu cha 10, na kusema tena kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine.

Sheria hiyo ilipita kwa sababu haikutaja jina la kabila lolote. Depite wa upande mmoja alirudi nyumbani akasema "tumeingia", wa upande wa pili akasema "hatukuwaingiza". Siwacheki, pengine bila ukungu huo isingepita kabisa, na ni bora kuliko 1885. Lakini kazi iliyoachwa na bunge ilimwangukia karani wa kijijini, askari wa bariyeri, na mkubwa wa kambi, kila mmoja na maana yake.

Na wanasiasa hawajaacha mchezo. Mwezi wa Julai 2021 uliletwa bungeni mswada wa kuwapa urais na vyeo vikubwa wale tu wenye baba na mama Wakongo. Kila mtu alijua ulimlenga nani katika uchaguzi uliokuwa unakuja. Haukupitishwa kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023, lakini kwa miaka miwili uliwagawanya watu redioni na makanisani, na pengine hiyo ndiyo kazi iliyotakiwa.

Kwenu, bami na wakubwa wa vijiji, ninasema hili. Hati ya uraia inatolewa na waziri wa sheria, kule Kinshasa. Mama aliye kambini hataifikia. Kwa miaka mingi karte ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho cha watu, na inchi haijafanya sensa ya watu wake wote tangu 1984. Kwa hiyo ushahidi ulio karibu ni daftari lenu na vinywa vyenu. Mkiandikia tajiri na kumkatalia maskini, ile 1972 imerudi kijijini kwenu. Andikeni waliozaliwa, andikeni waliokufa, andikeni shamba liligawiwa nani na mbele ya mashahidi gani, na mwandike hata jina la yule aliyekimbia, kwamba shamba hili ni lake.

Nanyi akina mama mlioko kambini: mtoto aliyezaliwa huko ana haki ya kuandikwa. Sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka wa 2016 inatoa siku 90 tangu kuzaliwa, bila kulipa. Mkunga akiwapa karatasi ya kuzaliwa, msiiachie mvua. Ifungeni katika plastiki pamoja na karte ya baba, mwende nayo kwa ofisa wa uraia, na siku hizo 90 mzihesabu wenyewe.